Ng'ombe mmoja, watoto wawili: Kunda wetu aliyegoma kurefuka na Ndeshi kibonge

Wakuu, habari za humu. Mimi ni bibi wa watu. Akaunti nimefunguliwa na mjukuu, herufi zikikosewa mlaumuni yeye. Ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu, sina haja ya kutia chumvi.

Jana nimekuta uzi humu mnamcheka mtoto wa watu eti kibonge. Nikakosa raha kabisa.

Ni enzi za Mwingereza, kwetu Marangu, nina kama miaka tisa. Baba alishafariki. Tulibaki mama, mimi, na mdogo wangu Kunda wa miaka mitatu. Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, kilikuwa kidogo, migomba michache na kahawa za kuhesabika.

Kilichotubeba ni ng'ombe, na wala hakuwa wetu. Kule mwenye ng'ombe wengi humpa mwenzake amfugie. Ndama ni wa mwenye mali, maziwa na samadi ni vya anayefuga. Huyu alikuwa wa baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye kahawa ilimkubali hadi akajenga nyumba ya bati.

Mama alikuwa na mtindo wake. Kila msimu wa kahawa alimpima Kunda kwa kamba ya mgomba, kisigino hadi utosi, anaikata, anaitundika juu ya mafiga. Kila kamba ilizidi ya nyuma yake. Alizipenda zile kamba jamani!

Sasa baba mkubwa alikuwa na binti, Ndeshi, rika langu. Kibonge haswa. Kwao ndizi zilishaonekana chakula cha wenye shida, yeye ni mkate wa Moshi mjini na jamu, chai sukari tele. Kukata majani ya ng'ombe, marufuku. Wazee wakimwona wanasifia, "Huyu ndiye mtoto wa kahawa!" Sisi watoto tulimcheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Siku moja baba mkubwa akaja.

"Shemeji, nataka Ndeshi anywe maziwa zaidi, asije akapungua. Namchukua ng'ombe."

"Haya, shemeji," mama akasema. Angesema nini? Mali ya mtu.

Mtori wa Kunda, ndizi zilizokuwa zinapondwa na maziwa, ukawa ndizi na maji. Msimu uliofuata mama akampima. Kamba mpya ikalingana na ya zamani. Akapima tena. Nilimwona anaivuta, anaivuta, kama vile itarefuka. Halafu akalia, na mimi nikalia kwa sababu yeye analia.

Ndeshi akaingia muda huohuo, alikuja kucheza.

"Shikamoo mama mdogo. Mbona mnalia?"

Mama akafuta machozi. Nikaropoka mimi, "Kunda harefuki tangu mmechukua ng'ombe!" Nilifinywa hapo, acheni tu.

Ndeshi akaichukua ile kamba, urefu mzima wa Kunda, akajizungushia kiunoni. Ncha hazikukutana. Akatutazama. Siku hiyo sikucheka.

Kesho yake asubuhi tukamwona anapanda njia ya kwetu, anahema, jasho linamtoka, anamvuta ng'ombe. Baba yake yuko nyuma, kofia mkononi.

"Amegoma kula tangu jana," baba mkubwa akamwambia mama. "Anasema maziwa ya Kunda hayapiti kooni."

"Na majani yake nitakata mimi," Ndeshi akadakia.



Na alikata kweli, miaka! Tulishuka naye na mundu, tukirudi anakula mtori bakuli moja na Kunda. Sisemi alikonda, mwili wake anao hadi leo. Ila aliacha kuhema, akawa anatutoka mbio mteremkoni tunashindwa kumkamata.

Nilichojifunza: dhiki ilimdumaza mmoja, neema ikamlemea mwingine, na hakuna kati yao aliyejipakulia. Ukimwona mtoto wa watu, mnene au mwembamba, waza kwanza jiko la kwao.

Kunda sasa ni babu, mrefu hadi anakera. Kila Krismasi tukipanda nyumbani lazima ajigonge kichwa mlangoni kwa Ndeshi. Na Ndeshi kila mwaka anamwambia lilelile, "Inama, baba. Hayo ni maziwa yangu."

Haya, semeni na nyie, kwenu nani alipakuliwa na nani alikosa? Ila atakayemcheka mtoto humu, nitamjibu mwenyewe, simwachii mjukuu.