Amplifaya Tatu na Masikio ya Mjomba

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nina akili timamu. Kisha nikaanza kukusanya amplifaya za gitaa za zamani, zile za valvu, yaani vichupa vya kioo vinavyowaka kwa ndani na kutaka kusubiriwa vipate moto kwanza ndipo sauti itoke. Kazi yangu hapa Korogwe ni kukodisha muziki kwenye harusi. Vyombo ninavyokodisha ni vya kisasa, ni vyepesi na havinisumbui, na nadhani ndiyo maana sijawahi kuvipenda.

Amplifaya zangu ni tatu, za vizazi vitatu. Ya kwanza tunaiita Bibi. Ilitoka kwenye klabu ya mameneja wa shamba la mkonge, enzi ambazo babu zetu waliingia humo kwa mlango wa jikoni tu. Ni ndogo, imevikwa kitambaa cha kahawia, na ukiipandisha sauti kidogo inaanza kukwaruza. Ya pili ni Mama, iliyotumiwa na bendi ya wafanyakazi wa shamba hilohilo baada ya Uhuru. Ina nguvu, ina sauti safi, na imeharibu viuno vya wabebaji wengi. Ya tatu ni Binti, iliyotengenezwa wakati valvu zimeshaanza kuachwa. Binti ana vitufe vingi kuliko kazi za kufanya.

Fundi wangu ni Msambaa, mkulima wa Kwashemshi. Jumapili alikuwa akishuka hadi kwangu, mtaa wa Masuguru, na begi la vifaa, tunazipanga ukutani zote tatu na kuanza kuzilinganisha. Tulitumia gitaa moja, waya mmoja na wimbo mmoja, au tuseme kile kipande cha wimbo ninachokiweza. Fundi alifumba macho. "Bibi sauti yake ni ya mviringo," alisema. "Mama ana kifua. Binti anapiga kelele ila hana la kusema." Mimi nilitikisa kichwa kwa uchungu wa mtu anayeelewa, ingawa mara nyingi sikuwa nimesikia tofauti yoyote.

Tuligundua pia kwamba jioni, watu wa Masuguru wakiwasha pasi na televisheni zao na umeme ukalegea, Bibi anakuwa mtamu zaidi. Basi tukawa tunausubiri umeme mbovu jinsi wenzetu wanavyosubiri mvua. Umeme ukiwa imara tulinuna. Mke wangu, ambaye friji lake liliungua katika kipindi hicho cha utamu, hajawahi kutuunga mkono.

Ugomvi ulikuwa kwenye kubadilisha vitu. Fundi alitaka kung'oa kapasita za zamani, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilizokuwa zimevuja nta, mimi nikamzuia nikidai kwamba nta hiyo ndiyo sauti yenyewe. "Ndugu yangu," akaniambia, "hiyo nta ni uchafu." Tukanuniana. Juma lililofuata tukapatana kwa kuchukua valvu za Binti kumpa Mama, kisha spika ya Mama kumpa Bibi, tukarudisha kila kitu kilipokuwa na kupongezana kwa maendeleo.

Vipuri tuliuziwa na mtani wangu. Yeye ni Mnyamwezi aliyezaliwa kwenye kambi za mkonge, baba yake alikuja kukata majani na hakurudi kwao. Mimi Mzigua. Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu zamani, kwa hiyo hakuna tusi la kawaida analoweza kunikosea nalo. Duka lake limejaa mizoga ya redio, na kila valvu aliyoniuzia aliiapia kuwa ndiyo ya mwisho duniani.

Huu mchezo ungebaki mchezo kama mjomba wangu asingeingia. Yeye ni kaka wa mama yangu, anaishi Kwaluguru, upande wa Handeni, na ndiye aliyepiga gitaa la solo kwenye bendi ile ya shamba, kwa kutumia Mama huyuhuyu. Mjukuu wake alikuwa anaolewa. Mjukuu huyo alimwomba babu yake ampigie wimbo mmoja wakati anatolewa nje ya nyumba, akasema hataki zawadi nyingine. Mjomba alikubali kwa sharti moja.

"Nataka nilisikie gitaa langu kama lilivyokuwa," alisema. "Lisiponifikia, silipigi mbele za watu. Nitaliweka chini, alitakaye achukue."

Sasa ukweli ni kwamba masikio ya mjomba yalikuwa yanakwisha, na ukoo mzima tulijua. Ukimwambia shikamoo alijibu marahaba vizuri kabisa, kwa kuwa shikamoo huonekana hata machoni. Ukimuuliza hali ya mahindi alikujibu kwamba wageni wamelala salama. Sisi tuliitikia, "Alhamdulillahi," tukaendelea na hao wageni. Kwetu mjomba ana uzito wake. Yeye ndiye anayesimama kwenye mambo yako yote tangu unazaliwa, na wewe mpwa huwezi kusimama mbele yake ukamwambia kwamba hasikii. Heshima si utumwa, tunasema, lakini siku hizo ilitubebesha mizigo ya kutosha.

Tuliwapakia Bibi, Mama na Binti kwenye pikapu hadi Kwaluguru. Mjomba alipiga kwa kila moja, akainamisha kichwa, akasubiri.

"Haifiki," alisema.

Je, tulimwambia? Tulirudi Korogwe tukazifungua amplifaya! Fundi alibadilisha kapasita, na safari hii nta sikuitetea. Tukarudi Kwaluguru. "Haifiki." Tukabadilisha transfoma. "Haifiki." Tukaacha Bibi na Binti nyumbani, tukamkazania Mama. Fundi aliona sanduku linatetemeka sana, akasema mtetemo ndio unaoila sauti, akalijaza vipande vya godoro na kuligongelea miguu ya mpira. Sanduku likatulia tuli, tukampelekea. "Sasa hivi ndiyo haifiki kabisa," alisema mjomba kwa masikitiko. Usiku ule sikupata usingizi, na sikuwa nikiwaza amplifaya. Nilikuwa nimemwona mzee akilifunika gitaa lake kwa kanga taratibu, nikaumia.

Siku ya harusi tulimweka Mama uani, jenereta likinguruma nyuma ya nyumba. Biharusi alikuwa ndani, ameshavishwa, akina mama wamesimama mlangoni wakisubiri gitaa lianze. Valvu zilipata moto. Mjomba akagusa nyuzi, akainamisha kichwa. Sauti ilijaa uwanja mzima, watoto wakaanza kucheza. Yeye akasubiri, kisha akautoa mkanda begani.

"Haifiki," alisema, na kunitazama mimi. "Mmejitahidi, wanangu."

Ndipo mtani wangu alipoingia uwanjani. Kwenye shughuli zetu mtani hahitaji kukaribishwa. Alikuwa amejifunga kanga ya mke wangu kichwani, mkononi kashika sufuria la pilau aliloliteka jikoni. Alimwendea Mama moja kwa moja, akamkalia.

"Nimeikamata mali ya Wazigua!" alipiga kelele. "Siinuki mpaka ikombolewe!" Watu wakacheka. Akaendelea kula. "Nyie watu, Handeni yote imejaa waganga, na hakuna hata mmoja aliyemwona mgonjwa ni nani? Mzee hasikii! Masikio yamekufa, nyie mnalitibu sanduku!"

Kicheko kilikatika. Shangazi mmoja alijifunika uso. Mimi nilitamani ardhi inifiche. Mjomba hakuyasikia maneno, ila aliziona nyuso zetu.

"Anasema nini huyu?" aliuliza.

Wote tulikuwa tunaangalia chini, na fundi alikuwa anakagua waya usio na tatizo. Mtani aliinuka mwenyewe, akaenda hadi sikioni mwa mjomba, akamfokea kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Husikii, Mzigua! Wewe kiziwi! Na hawa wanao waoga!"

Mjomba alimgeukia. Mimi nilijiandaa kwa aibu ya ukoo. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nikagundua kwamba anacheka, na machozi yanamtoka.

"Hata mimi nilikuwa naona aibu kuwaambia," alisema.

Mtani alimshika mkono, akamkalisha juu ya Mama, akamrudishia gitaa. Fundi, bila kuambiwa, alipiga magoti nyuma ya sanduku akachomoa vipande vyote vya godoro, akang'oa na ile miguu ya mpira. Mjomba akavua viatu, akabana visigino kwenye mbao, akapiga uzi mzito mmoja. Sanduku likatetemeka. Akaupiga tena.

"Imefika," alisema.

Alipiga wimbo wote, na baada ya huo akapiga mwingine ambao hakuna aliyeuomba, na biharusi alitolewa nje akaja kusimama mbele ya babu yake kwa muda mrefu kuliko utaratibu ulivyotaka. Baadaye nilimuuliza mtani kwa nini hakulisema jambo hilo tangu mwanzo. Akashangaa. "Ningeuza nini?" akasema.

Jioni, watu wakiwa wanakunja mikeka, nilimwendea mjomba. Bado alikuwa amekaa juu ya Mama, ingawa jenereta lilikuwa limeshazimwa. Nilimuuliza kama tumpeleke nyumbani. Akanitazama mdomoni, na badala ya kunijibu habari za wageni kama siku zote, akanivuta shati hadi kichwa changu kikagusana na chake.

"Sikusikia," alisema. "Rudia."