Safari ya Kuitafutia Pikapu Macho ya Nyuma

Sababu ya kuondoka ilikuwa moja tu. Mama yetu alitakiwa alazwe hospitali ya Moshi mjini siku ya Ijumaa kabla ya saa kumi jioni, na gari pekee aliloweza kusafiri nalo ni langu. Nyonga yake imechakaa. Hawezi kukaa kwenye kiti hata dakika tano, lazima alale chali. Nafasi ya upasuaji tuliisubiri tangu mwaka jana, na akichelewa anapewa mgonjwa mwingine, sisi tunarudi mwisho wa foleni. Pikapu yangu ina kibanda cha kulala mgongoni, chenye kitanda, jiko dogo na mlango wa nyuma. Wageni hukikodi kwenda nacho mbugani, nami ndiye dereva wao.

Tatizo lilikuwa kaka yangu mkubwa, Anaeli, ambaye alikuwa amenifungia njia.

Niseme ukweli wote, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Sisi tuko watatu. Kwa desturi yetu Wachagga, mtoto wa kwanza anapewa sehemu yake ya shamba, wa mwisho anabaki kwenye nyumba ya wazazi, na wa katikati anatakiwa heri. Mimi ndiye wa katikati. Ndiyo maana nikipanda nyumbani kwa sikukuu nalala ndani ya gari langu, na ndugu zangu wananitania kwamba nimekuwa konokono. Kihamba cha Kaka Anaeli, yaani shamba lake la urithi lenye nyumba, na kile cha mdogo wetu Godlisten, anakoishi Mama, vinatenganishwa na mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mpakani. Baba aliipanda mwenyewe mwaka mmoja kabla ya kufa, huku wao wawili wameshika kamba, mmoja huku na mwingine kule, ili kesho na keshokutwa wasije wakagombana.

Jumatatu ya Pasaka nilikuwa natoka pale kwa Mama rivasi, nina haraka, wageni wananisubiri mjini. Godlisten alikuwa nyuma akiniongoza, lakini alisimama katikati kabisa nyuma ya kibanda, mahali ambapo saiti mira, vile vioo vya pembeni, hazimwoni. Alipiga kelele, mimi nikadhani ananiambia niendelee. Nikalaza masale ya Baba hatua nne nzima. Nilishuka, nikaangalia, nikasema "Pole, mdogo wangu, yapande tu," nikaondoka. Godlisten akayapanda kesho yake peke yake, bila kumwita Kaka. Kaka alipoyaona akasema yamesogezwa hatua moja kuingia kwake, akaburuta magogo mawili ya mgrivea akaziba njia ya kuingilia kwa Mama. Nilipompigia simu kumweleza habari ya hospitali alinijibu maneno machache: "Hilo gari lako halina macho nyuma. Halikanyagi hapa mpaka liwe nayo."

Basi nikaamua kulitafutia macho.

Ijumaa hiyo saa kumi na moja na nusu alfajiri nilitoka Soweto, mtaa wa Moshi ninakoishi, huku mvua ya masika ikinyesha bila haraka. Nilikuwa nimerudi jana yake jioni kutoka safari ya siku kumi na mbili. Mgongo ulikuwa unauma, macho yana mchanga, na chai niliyokunywa ikakaa tumboni kama maji ya kuoshea vyombo. Kuna uchovu ambao mtu akilala unaondoka. Wangu nadhani ulikuwa umeshahamia na vyombo vyake vyote.

Himo nilifika saa kumi na mbili na robo. Hapo njia panda malori ya kwenda mpakani hulala, kwa hiyo mafundi umeme wa magari huamka mapema. Nilimpata mmoja, fundi Rajabu, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, ambaye kabla ya kugusa chochote alilizunguka gari mara mbili.

"Kamera unataka ikae wapi?" akaniuliza.

"Chini, karibu na namba ya gari."

"Chini itakula tope. Tuiweke juu ya mlango wa kibanda, ione mbali."

Nikakataa. Ukitoboa juu ya kibanda, mvua inaingia, na mimi nimeshalala mle ndani na ndoo kifuani. Tulibishana mpaka chai yake ikapoa. Mwishowe akaifunga chini ya kidaraja cha kukanyagia mlangoni, kama nilivyotaka mimi, akasema, "Haya, bwana mwenye gari. Tope ukilikuta, umelipenda mwenyewe."

Kazi yenyewe ilichukua saa tatu. Waya wa picha ulikuwa mfupi kwa sababu kibanda kimezidi urefu wa pikapu, ikabidi auunge. Aliupitisha chini ya chasisi, akaufunga kila baada ya shubiri moja ili usining'inie, na pale kibanda kinapokutana na pikapu akaweka plagi. Siku nikitaka kukishusha kibanda nitachomoa tu, bila kukata kitu. Umeme akauchukua kwenye taa ya rivasi. Kioo kidogo cha kuonyeshea picha akakibandika kwenye dashibodi. Nililala nimeegemea usukani na kuamshwa mara nne nikanyage breki, niweke rivasi, nitoe rivasi.

Mara ya kwanza picha ilikuja imegeuka. Mama mmoja muuza ndizi aliyekuwa kulia kwangu kwenye saiti mira, kwenye kamera akawa kushoto. Nikamwambia fundi kwa hasira kwamba gari la namna hiyo litaniua mtu. Yeye hakukasirika. Akashuka chini, akakata kawaya kadogo ka kijani pale kwenye kamera, na yule mama akarudi upande wake.

"Sikiliza, mwanangu," akaniambia akijifuta mikono. "Hii inaona mgongo wa gari. Haioni pembeni, haioni juu. Ukipata mtu wa kukuongoza, mwambie asimame pembeni, umwone kwenye saiti mira. Usimwache mtu kwa sababu una kamera."

Nikaitikia tu, nataka kuondoka.

Saa tatu na nusu nikaanza kupanda. Marangu Mtoni niliacha lami na kushika njia ya udongo kwenda kwetu. Kutoka hapo ni migomba na kahawa pande zote mbili, na maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yakikimbia kandokando, safari hii yamejaa mpaka barabarani. Gari lilikuwa linateleza kama sabuni. Mara mbili nilisimama kuweka mawe nyuma ya gurudumu, na mara ya pili nilikaa kwenye jiwe lenyewe nikajiuliza kwa sauti kwa nini mtu wa miaka hamsini na mbili bado anahangaika hivi. Mlima ulikuwa umejificha kwenye mawingu, hata haukunitazama.

Saa tano na robo nilifika mdomoni mwa njia yetu. Magogo yalikuwa palepale, na juu ya gogo la mbele alikuwa amekaa Kaka Anaeli, amevaa buti za mvua na sweta lake la kijivu, panga mapajani. Alikuwa anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Habari za mjini?"

"Nzuri. Kaka, nimekuja kumchukua Mama. Saa kumi awe hospitali. Na gari nimelitengeneza kama ulivyosema. Njoo uone."

Nilimfungulia mlango, nikamwonyesha kioo, nikaweka rivasi, nikamweleza habari za waya na plagi kama mtu anayeuza. Aliangalia kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo gari limepata macho," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Na wewe je, Amini, umepata?"

Akachukua panga lake na mpini wake akaingia nyumbani kwake, taratibu, bila hasira yoyote ya kuonekana. Magogo akayaacha. Nilibaki nimesimama kwenye mvua, na nakiri kwamba nilitukana, sauti ya chini lakini nilitukana.

Saa sita kasoro niliingia kwa Mama kwa miguu. Alikuwa amelala karibu na dirisha, amevaa gauni la kanisani na kitambaa kipya kichwani, mkoba wake uko tayari kitandani. Alikuwa amejiandaa tangu alfajiri. Godlisten alikuwa amekaa mlangoni, amejiinamia.

"Kaka yako amekuruhusu?" Mama akaniuliza.

"Hapana, Mama. Na kamera nimefunga."

"Ulimpelekea nini?"

"Si kamera, Mama. Alisema gari halina macho."

Akanitazama. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka nyonga ikamkumbusha, akashika ukingo wa kitanda na machozi yakamtoka. "Jamani, mwanangu! Umekwenda Himo mvua yote hii kununua nyaya. Umekanyaga masale ya baba yako, ukaondoka bila hata kubisha hodi kwa mkubwa wako. Unataka akuambie kwa mdomo wake kwamba hujamletea isale? Mtu anaombaga msamaha kwa kamera?"

Nilisikia uso unawaka. Sikuwa nimesahau, na hilo ndilo baya zaidi. Najua tangu utotoni kwamba Mchagga akimkosea mwenzake anachukua jani la isale, analifunga fundo, anampelekea, na aliyepelekewa hawezi kukataa. Nimewahi kuwasimulia wageni jambo hilo karibu na moto, wakaandika kwenye madaftari yao. Ila kwamba linanihusu mimi, na gari langu, na kaka yangu, halikunijia kabisa. Nilifikiri ni habari ya kusimulia.

"Na wewe," Mama akamwambia Godlisten, "nyanyuka. Ulipanda mpaka peke yako kama mwizi."

"Nilipanda palepale, Mae," Godlisten akasema. "Labda nilikosea kidogo. Mashimo ya zamani yalikuwa yamejaa maji."

Tulikwenda mpakani. Ile mimea niliyoilaza ilikuwa imeanza kuchipua upya kwenye vishina, majani mapya ya urefu wa kidole. Sikuyagusa hayo. Nilikata jani kutoka mmea mkubwa uliopona, nikalifunga fundo. Tukaenda kwa Kaka, tukabisha hodi, tukasimama uani kama watoto waliovunja chungu.

Alipotoka nilimpa kwa mikono miwili. "Kaka, nilikukosea. Nilikanyaga mpaka nikaondoka. Na huyu alipanda bila wewe, lakini ni mimi niliyemwambia."

Alilishika lile jani muda mrefu, akiligeuzageuza. Mvua ilikuwa inamlowesha wala hakujali.

"Ningelipata hili Pasaka," akasema, "yale magogo ningekuwa nimeshayapasua kuni." Akaliweka jani mfukoni mwa shati, chini ya sweta, akafunga kifungo. "Mpaka tutaupanga upya Mama akirudi, sote watatu, na kamba. Sasa twendeni, saa zinakimbia."

Saa saba na nusu magogo yalikuwa pembeni. Nikaligeuza gari kule barabarani ili niingie rivasi, mlango wa kibanda umfikie Mama. Niliweka gia, kioo kikawaka, na nilichokiona ni rangi ya kahawia tupu. Tope. Fundi Rajabu alikuwa ameniambia. Nikafungua dirisha nipige kelele, lakini kabla sijasema, ule ukahawia ukaanza kusogea, ukafutika upande mmoja, kisha upande mwingine, na kioo kizima kikajaa uso wa Kaka Anaeli. Alikuwa ameinama akiifuta kamera kwa ncha ya sweta lake. Hakujua kwamba namwona. Ndevu zimekuwa nyeupe, chini ya macho pamevimba, na mdomo ameukaza vile alivyokuwa akiukaza zamani akinifunga kamba za viatu nikienda darasa la kwanza. Kaka yangu amezeeka, na mimi nilikuwa sijamtazama kwa miaka. Nililia pale kwenye usukani, kwa uchovu na kwa upendo, sikumbuki kipi kilizidi.

Kisha akaondoka kwenye picha, nikamwona kwenye saiti mira ya kulia, mkono juu, "Njoo, njoo, kata kidogo, njoo." Godlisten alikuwa kwenye saiti mira ya kushoto. Niliingia bila kugusa jani.

Saa nane tuliondoka. Tulimbeba Mama kwenye shuka, tukamlaza kitandani ndani ya kibanda, na Kaka akapanda akakaa sakafuni kumshika mkono asitikiswe. Godlisten alibaki na ng'ombe. Nilishuka mpaka Himo kwa mwendo wa jongoo, nikiwasikia nyuma yangu wakizungumza Kichagga, Mama akimsimulia kwa mara nyingine jinsi nilivyoleta nyaya, na Kaka akicheka.

Saa kumi kasoro dakika ishirini tulikuwa getini hospitali. Mlinzi akatuambia tuingie rivasi mpaka mlango wa wagonjwa. Niliweka gia, kioo kikawaka, safi, kila kitu kinaonekana. Mlango wa kibanda ukafunguka, Kaka akashuka polepole akishika magoti, akaenda akasimama pembeni na kunyoosha mkono, sweta lenye tope amelivua, jani la isale limechomoza kidogo mfukoni mwa shati lake.

Nilikizima kioo. Nikarudi nyuma nikimtazama yeye.