Kisanduku cha Mpira wa Bure Kilivyonipeleka Urambo

Naanza na ujinga wangu mwenyewe, kabla majirani zangu wa Chemchem hawajawasimulia wakaongeza chumvi. Nilinunua kisanduku cha kuchomeka kwenye televisheni, kinachoonyesha mpira bure. Haukupita muda, kampuni ya mtandao ikanikatia laini: kisanduku kimo katika jeshi la vifaa vilivyotekwa na wahalifu. Mimi nashangilia magoli, chenyewe kinashambulia tovuti za watu. Nikakichomoa, laini ikarudi. Baadaye redio ikatangaza kwamba polisi wa ng'ambo wamelivunja jeshi hilo. Nikaona basi, kimetubu. Nikakifunga kwa karatasi ya maua, nikampelekea mama mkwe, Urambo, zawadi ya Krismasi.

Sasa naye amekatiwa, na ni msimu wa asali. Wateja wake wa Dodoma huagiza kupitia laini hiyo. "Mkwe," alinipigia, "asali inakaa, na wateja wanakwenda kwa wengine. Njoo na akili zako."

Alfajiri nilipanda basi. Mimi ni mtu ambaye safari yake ndefu ni kwenda hospitali ya Kitete kupima presha. Njia hii ya magharibi wapagazi wa misafara ya zamani waliipita kwa miguu, pembe za ndovu mabegani. Mimi niliipita nimekaa, chapati mapajani, na bado nililalamika mgongo.

Usoke, basi liliposimama, nilimpigia dada wa kampuni ya mtandao.

"Si walikamatwa?" nikamuuliza.

"Aliyekuwa anatoa amri ndiye aliyekamatwa, kaka. Visanduku vimebaki majumbani mwa watu. Akija bwana mwingine akaita, vinaitika. Hicho chako kimetoka kiwandani na ugonjwa wake. Ulikizima?"

"Nilikizima."

"Halafu?"

Nikajifanya mtandao umekata.

Urambo niliingia jua limepanda. "Shikamoo mama." "Marahaba mkwe. Kimo chumbani kwangu."

Hapo nikakwama. Mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe, hata nyumba ikiungua. Na siku ile hapakuwa na mtu mwingine nyumbani. Nikasimama uani, chini ya dirisha, nikaielekeza kazi kupitia pazia.

"Mama, chomoa kile cheusi."

"Vyote vyeusi."

Akachomoa friji. Akachomoa simu. Akachomoa redio katikati ya kwaya, akanilaumu. Mwishowe mkono ukatokea dirishani na kisanduku changu, kimevishwa kitambaa alichokifuma mwenyewe.

Nikamweleza: visanduku hivi ni kama wapagazi, mkuu wa msafara akikamatwa, anakuja mwingine, anapiga ngoma, mizigo inabebwa tena.

"Usiwatukane babu zetu," akasema. "Wao walijua wamebeba nini, na kwa nani. Wewe ulinibebea nini, mkwe?"

Nikapiga simu kampuni, nikakiri kila kitu. Saa za alasiri laini ikarudi, pamoja na onyo: kikiwashwa tena, hawatafungua. Simu ya mama mkwe ikaanza kulia kwa oda. Akanifungashia asali, ambayo sikuistahili, nikaichukua.

Wakati wa kurudi nilijaa hekima. Nilijiambia, watu tunasubiri polisi wamkamate mkubwa huko ughaibuni, na jeshi lake tumelikalisha sebuleni, tunalifuta vumbi. Niliapa kukivunja kwa nyundo.

Chemchem nilimkuta Mzee Hamisi, jirani yangu fundi wa majiko, anagonga bati. Nikamwomba nyundo, nikamsimulia yote. Akaninyooshea. Wakati huohuo redio yake ikatangaza kwamba mtandao mwingine wa wahalifu umevunjwa, na watu wamekamatwa. Ikafuata habari ya mechi ya jioni.

Nikaitazama nyundo. Nikakitazama kisanduku. "Mzee," nikasema, "hawa wa safari hii huenda ndio wa mwisho. Nikikiwasha kipindi cha kwanza tu..."

Akanipokonya nyundo, akakipasua kisanduku pamoja na kitambaa chake, akarudi kwenye bati lake.

"Jirani, hiki nimekumalizia. Anayestahili kuchomolewa ukutani ni wewe."