Jenerali Aliyeitwa Mutinda

Juzi nilikuwa nachambua pojo wakati simu ya binti yangu Mwende ilipotoa mlio wa farasi wengi wakikimbia, na mtu akipaza sauti kwa Kichina. Mkono wangu ukasimama juu ya ungo. Nikaenda kuangalia. Alikuwa ni yeye, jenerali wa vita vya zamani, na zile ndevu zake ndefu.

"Huyo ni Mutinda," nikasema.

"Mum, huyo ni Mchina. Na ni mtu mzuri. Hapa chini wameandika analilia vijana wake."

Mimi kusoma ni kwa shida, niliacha shule darasa la tatu. Lakini kweli alikuwa analia. Kwetu hakuwahi kulia.

Hiyo sinema niliijua kama njia ya kisimani. Tuliiangalia siku za soko, mchana, kwa chumba cha video cha Kilonzo, kule upande wa Tawa. Jua lilipenya matundu ya mabati kama nyuzi, na vumbi likapanda ndani yake polepole. Palinuka mafuta ya jenereta na ndizi mbivu. Jeshi lilipita kwa theluji, na sisi tukasema ni pamba, tukawahurumia Wachina kwa kukosa wa kuivuna. Kilonzo alipunguza sauti ya Kichina, akaongea juu yake kwa maiki, akiwapa wanajeshi majina ya watu wa soko. Tuliamini anajua Kichina kwa sababu aliwahi kuwapikia Wachina waliokuwa wanajenga barabara. Kaka yangu Kimeu alikuwa ananibeba mabegani nione vizuri.

Mama alipokufa tulichukuliwa na ndugu yake, Anko Mutinda. Nawataja kwa majina kwa sababu hakuna aliyewahi kuwataja waziwazi: Mutinda, na Nzioka mwenye lori. Hao ndio waliokuwa wanatuma watoto kuchimba mchanga chini ya ukingo wa mto, mahali ambapo mtu mzima hangekubali kuingia. Ukingo ukaanguka. Mimi nilivutwa miguu nikatoka. Kimeu walimtoa jioni.

Tulipomaliza kumzika, Mutinda akaniambia, mbele ya watu wa matanga, Jumatatu narudi mtoni. Mimi sikuwa na wa kumwambia. Siku ya soko nikaenda kwa video, nikakaa chini karibu na maiki. Mutinda na Nzioka walikuwa wamesimama nyuma, mlangoni.

Ikafika pale jenerali anatuma vijana wadogo ukutani kwa adui. Kilonzo akanyamaza. Farasi wakapumua peke yao. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Huyu anaitwa Mutinda. Anawaambia, tangulieni nyinyi watoto, mimi mgongo unaniuma."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha.

"We Kilonzo, wiki jana huyo alikuwa ndiye stelingi," kijana mmoja akalalamika.

"Wiki jana sikuwa nimesikia Kichina vizuri."

"Na huyo mdogo amelala hapo?"

"Ni mtoto wa dada yake. Amebaki mwingine, msichana. Anamwambia Jumatatu na yeye aende."

Hakuna aliyegeuka. Pamba iliendelea kuanguka kwa skrini, nyingi, bila sauti, na nyuma yetu mlango wa mabati ukafunguka, ukafungwa.

Jumatatu hakuna aliyeniamsha. Kabla ya wiki kuisha nyanya alikuja kunichukua, akanipeleka kwake Makindu. Mutinda alizeeka vizuri, akawa mzee wa kanisa. Nzioka aliongeza lori.

Miaka mingi niliamini ni Wachina walioniokoa, kwamba huko kwao kulikuwa na mtu aliyejua habari zangu. Sasa najua Kilonzo hakuwa anajua Kichina hata neno moja. Na najua kwamba kile chumba chote cha watu wazima kilijua nani alimuua Kimeu. Ni mmoja tu aliyesema, na hata yeye ilibidi ajifiche nyuma ya jeshi.