Vidole vya Baba Vilipokataa Kusomeka

Baba alitoka Singida akiwa kijana, akaja kuchuma kahawa kwenye mashamba ya Karatu, na hakurudi tena kwao. Alipozeeka tulihamia kijiji cha Daa, akawa analima maharage yake mwenyewe. Benki hakuwahi kuingia. Alisema mlinzi wa pale humwangalia mtu viatu kwanza. Akiba yake yote ilikaa kwenye simu.

Alikuwa na kisukari. Mwaka ule akapata kidonda mguuni, kikagoma kukauka. Muuguzi wa zahanati alikitazama mara moja tu.

"Mpeleke hospitali mjini leo, dada. Msingoje."

"Hela ipo," baba akasema, akipigapiga simu kwenye mfuko wa shati. Alikuwa ameuza maharage wiki iliyopita, akalipwa kwa simu.

Mjini tulianzia kwa wakala wa pesa za simu, mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti. Akaangalia simu, akatikisa kichwa. Laini ilikuwa imefungwa siku mbili kabla, maana baba hakuwa ameisajili upya kwa alama za vidole.

"Si tabu, mzee wangu, tusajili sasa hivi."

Baba akaweka kidole gumba kwenye kimashine. Kikakataa. Akaweka cha shahada. Kikakataa. Vyote kumi vikakataa. Jembe lilikuwa limeshafuta kila mstari. Wakala akavipaka mafuta, akavipangusa kwa kanga yangu, akarudia.

"Mzee, hii mashine inasema huna vidole."

Baba akacheka. Mimi nilitamani kuivunja.

Wakala alitoa noti mbili mfukoni mwake, Mungu amlipe. Zilitosha kumwona daktari na dawa za siku chache. Daktari alitaka alazwe. Dirishani wakataka malipo ya awali. Tukarudi nyumbani. Majirani walichanga walichokuwa nacho, kikaishia kwenye nauli na kusafisha kidonda, huku mimi nikihangaika na barua, muhuri wa kijiji, na safari mbili za Arusha kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Safari ya kwanza waliniambia nimlete mwenye laini.

"Hawezi kutembea," nikasema.

"Utaratibu ndio huo, dada."

Wiki ya tatu wakaikubali barua ya kijiji, laini ikafunguliwa. Hela ilikuwemo yote. Mguu ndio ulikuwa umeshaoza, wakaukata chini ya goti, na hela ile ya maharage ndiyo iliyolipia kuukata.

Wapo walioniambia nishukuru, angalau akiba haikupotea.