Mgeni Aliyelala Kitandani kwa Bibi Dafroza

Nilitolewa Kibondo kwa sababu ya kikohozi, na wala si changu. Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa nawaonyesha wenzangu jinsi mzee mmoja wa kanisani anavyokohoa akipanda ngazi: hatua moja, kikohozi, hatua moja, kikohozi. Walicheka mpaka wakakaa chini. Ghafla wakanyamaza wote. Nilipogeuka, mama yangu alikuwa nyuma yangu. Hakunichapa. Alimpigia simu shangazi, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Shangazi Yulitha ni daktari mtafiti. Kazi yake ni kuchunguza jinsi wazee na wagonjwa wasiopona wanavyotunzwa majumbani katika siku zao za mwisho. Kakulia Dar, kwa hiyo Kiha chake, lugha ya kwetu, kinatosha kuombea maji ya kunywa, hakivuki hapo. "Likizo hii atakuwa mkalimani wangu," aliamua. "Hao wazee anaowaigiza, akakae awasikilize." Wenzangu wa Kidato cha Tatu walikuwa wanakwenda kuogelea mtoni. Mimi nilikuwa nakwenda kutazama watu wanakufa. Poa tu.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka stendi ya Kibondo, shangazi akiwa amepakata boksi la fomu kama mtoto mchanga. Njiani alinieleza kilichokuwa kinamnyima usingizi. Fomu zina swali la kwanza: una maumivu? Vijiji vyote alivyopita, wazee wote walijibu hawana.

"Si habari njema hiyo?" nikamuuliza.

"Kuna bibi mmoja kijiji cha Heru Juu, saratani imeingia kwenye mifupa. Nimemwona kwa macho yangu anauma khanga ili asilie. Fomu yake inasema haumwi popote."

"Basi wewe andika anaumwa, yaishe."

"Huu ni utafiti, mwanangu, si insha zako. Siandiki nisichoambiwa. Na dawa simpi mtu anayesema haihitaji." Akaligonga boksi. "Nikirudi na majibu haya tena, wataniambia wazee wa huku hawaumwi, dawa ya maumivu ipelekwe kwingine."

Tulipofika Makere basi lilisimama, mama mmoja wa Kikongo akaninyooshea hindi la kuchoma dirishani: "Kamata, mupenzi, iko moto sana." Nilikula. Shangazi hakula. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kuwa huyu mtu hana utani na lile boksi.

Mchana tuliingia Kasulu, tukapanga kwenye nyumba ya wageni ya Mama Swaumu, mwenye duka la vitenge pale chini.

Jumanne asubuhi tulipanda Heru Juu kwa bodaboda, mishikaki: dereva, shangazi, mimi, na boksi katikati. Nesi wa zahanati alitupokea, akatupeleka kwa Bibi Dafroza, yule wa kuuma khanga. Mwanawe, Baba Enosi, alikuwa uwanjani anaanika mihogo.

Sasa, anayewajua Waha anajua kusalimia kwetu si mchezo. Nilipiga magoti, nikasema mwakeye, tukashikana mikono, tukaulizana watu wa nyumbani, mashamba, mvua, ng'ombe ambao hatuna. Bibi alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, kitanda kikiwa kitupu pembeni, anajibu kila kitu ni kizuri. Bado niko kwenye habari za migomba, shangazi akafungua kalamu: "Muulize, ana maumivu?"

Nikauliza. Bibi akasema, "Hapana, namshukuru Mungu, ni mzima kabisa." Kisha akauma khanga.

Shangazi akaandika hapana.

Nikamvuta nje. "Shangazi, swali lako umelichomeka katikati ya salamu! Hapo hata mtu aliyekatwa mguu atakwambia mzima. Huwezi kumpokea mgeni kwa magonjwa. Tena mgeni mwenyewe daktari, mwenye kalamu."

Alifunga kalamu. "Miaka yote hii," akasema taratibu, "hakuna aliyeniambia."

"Ulikuwa hujaniadhibu."

Tukarudi ndani bila kalamu. Tukanywa uji. Tukaongea habari za nguruwe wa jirani aliyefukua viazi. Kisha nikasogea mkekani, maana mjukuu na bibi kwetu wana ruhusa ya kutaniana ambayo daktari hana hata akisoma mpaka azeeke.

"Bibi, mimi ni mke mwenzako. Nimekuja kumchukua mzee."

Jicho moja likafunguka. "Umechelewa, mke mwenzangu. Tulishamzika. Lakini kaburi lipo, kamchukue."

Nesi alipaliwa na uji.

"Basi niambie," nikasema, "naona humu ndani kuna mgeni mwingine. Huyu maumivu. Amefikia wapi? Amesimama mlangoni, umempa kigoda, au anakula jikoni?"

Bibi alikitazama kile kitanda kitupu. Halafu akasema, polepole: "Jikoni alishatoka zamani. Amelala kitandani kwangu. Ndiyo maana unaniona chini."

Nilimtafsiria shangazi neno kwa neno. Yeye aliinamisha kichwa. Kisha akamuuliza, kupitia mimi, kama angependa tumsaidie kumtoa huyo mgeni. Akaeleza wazi kwamba dawa ya maumivu aliyokuwa nayo nesi, ile ya maji, haiponyi saratani, inatuliza tu.

Baba Enosi alikuwa mlangoni. "Hiyo ndiyo dawa ya kumalizia watu! Jirani alipewa, akafa wiki hiyo hiyo."

"Alikuwa anakufa tayari, baba," shangazi akajibu. "Dawa ilimkuta njiani."

"Mimi sikubali."

"Baba Enosi," Bibi akasema, "anayelala na mgeni ni wewe au mimi?" Akapanua mdomo kama kifaranga. Nesi akapima dozi ndogo, akampa, akabaki kumwangalia mpaka jioni.

Jumatano asubuhi tulipokaribia ile nyumba, uwanja ulikuwa umejaa watu. Wanawake wamejifunga khanga kiunoni. Kuni zimeshaletwa, mafungu mawili. Baba Enosi alikuwa ameshika kichwa.

"Nilisema! Jua limepanda hivi na mama haamki. Mama yangu hajawahi kukutwa amelala na jua. Mmemuua!"

Shangazi aliangusha boksi, fomu zikatawanyika kwenye mihogo, akakimbilia ndani. Mimi nyuma yake. Bibi Dafroza alikuwa kitandani, chali, mdomo wazi. Shangazi akamshika mkono, akahesabu pumzi, akahesabu tena. Kisha akakaa chini sakafuni na kuanza kucheka huku machozi yanamtoka.

Bibi alikuwa anakoroma.

Kelele zetu ndizo zilizomwamsha. Akatazama watu waliobanana mlangoni. "Nani kafa?"

Baba Enosi alikuwa ameuziba mdomo kwa mikono miwili.

"Na hizo kuni ninazoziona nje?"

"Ni... ni za kwako, mama."

"Basi msizirudishe. Pikeni maharage, nina njaa."

Vigelegele vilivyopigwa Heru Juu asubuhi ile, nadhani Kasulu mjini walivisikia. Baba Enosi aliokota fomu za shangazi moja moja, akipangusa unga wa mihogo.

Alhamisi na Ijumaa tulirudia nyumba zile zile zilizosema hazina maumivu. Salamu kwanza, uji, utani, halafu mgeni. Mzee mmoja akasema wake yuko kwenye kigoda. Mwingine akasema wake amehamia na watoto na mbuzi. Shangazi aliandika mpaka kalamu ikaisha wino, na jioni ile kwa Mama Swaumu alicheza peke yake varandani kama kashinda ubunge. Safari hii hakuna atakayemwambia wazee wa huku hawaumwi.

Jumamosi tulirudi Kibondo. Nilichojifunza ni kwamba mzee anayekwambia mzima hajadanganya, anakusalimia. Ukweli wake unakuja baadaye, na unamfuata aliyebaki kukaa. Kuigiza vikohozi sijaacha kabisa, ila sasa namuuliza kwanza mwenyewe kifua kinamsumbuaje.

Kabla hatujaondoka tulipitia kumuaga Bibi Dafroza. Alikuwa amekaa nje anachambua maharage, anamkaripia Baba Enosi. Shangazi alikuwa ameniambia ukweli wote: hatapona, na siku si nyingi.

"Unarudi lini, mke mwenzangu?"

"Likizo ijayo, Bibi."

"Likizo ni mbali. Njoo Jumamosi."

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye basi la kwanza la Kasulu.