Sura Yangu ya Kwanza Ilipogeuzwa Ushuhuda

Nina duka la kopi na uchapaji hapa Gisenyi, kwenye barabara inayotoka sokoni kwenda mpakani mwa Rwanda na Kongo. Mchana nachapa barua za kuomba kazi na mikataba ya nyumba za watu wengine. Wateja wakipungua, nilikuwa nafungua faili langu na kuandika riwaya kuhusu mji ulio chini ya ziwa Kivu, wenye malkia anayenunua majina ya watu, na soko ambalo waliozama wanauza vitu walivyoanza kuvisahau. Ukimweleza mtu habari hiyo anakutazama kwa huruma, kisha anakuuliza kitabu chako kinafundisha nini. Swali hilo nimeulizwa mpaka limenitokea puani. Hakifundishi kitu. Kinasimulia.

Hakuna mchapishaji aliyekitaka. Wa Kigali aliniuliza kwa nini Kiswahili, akaniambia nimpelekee hadithi za watoto kwa Kinyarwanda, zenye picha na mafunzo ya usafi. Wa Dar es Salaam alisifu lugha, akasema wasomaji wake hawalijui ziwa langu. Goma, hatua chache ng'ambo ya mpaka, ambako watu wanagombana na kutongozana kwa Kiswahili tangu asubuhi, mwenye meza ya vitabu alikaa na nakala zangu mpaka zikaota ukungu. Alinirudishia zimefungwa kamba vizuri, kana kwamba ile kamba ingenifariji.

Kwa hiyo nilijikaza kisabuni nikafanya yote mwenyewe. Niliandika, nikachapa, nikatoboa, nikafunga kwa zile springi za plastiki za ripoti za ofisini. Jalada nililichora mwenyewe pia. Malkia wangu wa kutisha alitoka anafanana na mhasibu wa wilaya.

Kiswahili changu chenyewe ni taabu nyingine. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, tukarudi Rwanda nikiwa msichana. Majirani wengi hapa walirudi kutoka Kongo, na Kiswahili chao kina Kifaransa na vicheko vyake. Changu wanakiita cha redio. Kuna asubuhi nilikuwa nikisoma ukurasa nilioupenda jana yake na kuona aibu, kama mtu aliyefika sokoni ndipo akagundua amevaa blauzi nje ndani. Nilikuwa najiuliza kama nina kipaji au nina kiburi tu. Sikupata jibu, na hakukuwa na mtu wa kumwuliza, maana anayejichapia kitabu hana bosi wa kumlaumu wala mwenzake wa kulalamika naye.

Lakini sikuacha, kwa sababu ya mdogo wangu. Tulikuwa tumekaa Gisenyi muda mfupi tu alipokwenda kuoga ziwani na wenzake, na wenzake wakarudi. Hakupatikana. Hatukuwa na mwili wa kuzika. Mama hajawahi kukanyaga ufukweni tangu siku hiyo, na ukiishi mji huu ni kazi kubwa kulikwepa ziwa. Mimi nilimweka kwenye kitabu. Katika sura ya kwanza, msimulizi anashuka chini ya maji, anafika kwenye soko la waliozama, na hapo anamkuta mvulana anachota maji huku akipiga mluzi kwa kuvuta pumzi ndani badala ya kuitoa nje. Ndivyo alivyokuwa akifanya mdogo wangu. Alikuwa hawezi ule wa kawaida.

Mama hakukisoma. Macho yake yana mtoto wa jicho, na mimi sikuthubutu kumsomea.

Waandishi wanaojichapia tuna shauri moja tunalopeana siku zote: gawa sura ya kwanza bure, atakayeipenda atakuja kununua zilizobaki. Niliigawa kwenye makundi ya WhatsApp, jina langu juu, namba ya duka chini. Hakuja mtu. Nikasema basi, sura ni mbaya, na nikaanza kuamka asubuhi bila hamu ya kitu chochote. Nilifungua duka, nikachapa barua za watu, nikafunga.

Siku moja aliingia mama mmoja wa kwaya ya kanisani kwetu, mcheshi, mwenye sauti kubwa hata akinong'ona.

"Yesu asifiwe, dada. Nimekutumia kitu kwa WhatsApp. Unitolee kopi mingi, ni za Dimanche, za kugawa kanisani."

Nilifungua. Juu kabisa palikuwa na maandishi mazito: USHUHUDA WA KWELI WA DADA ALIYESHUKA KUZIMU YA ZIWANI. Chini yake palikuwa na sura yangu ya kwanza. Mwishoni, mahali palipokuwa na namba ya duka, mtu alikuwa ameandika: Tubuni, kisha tuma kwa uwapendao.

Asiyeyajua makanisa yetu huenda akashangaa. Kwetu saa ya ushuhuda ina uzito kuliko mahubiri. Mtu anasimama, anasema mimi niliyekuwa nimepotea, nilishuka, niliona, nikatolewa, na watu wanasikiliza bila kukohoa. Wapo wanaosimulia miji ya chini ya maji, na masoko ya huko, na mashetani wanaofanya biashara. Nimekua nikiwasikiliza. Nilipoandika sura ile nilitumia sauti yao kwa sababu ndiyo sauti ya kusimulia niliyoijua tangu utoto: "Mimi niliyeshuka nawaambia niliyoyaona." Mtu wa hapa akisoma hivyo pasipo jalada, hawezi kudhani ni riwaya. Riwaya ni kitu gani?

"Mama," nikamwambia, "hii niliiandika mimi."

Alicheka kwanza. Halafu akaacha. Akarudi nyuma kidogo mpaka akagusa mlango.

"Mana yanjye! Mungu wangu! Ni we ulishuka kule?"

"Sikushuka. Nimeitunga. Ni hadithi."

"Dada, usicheze na mambo ya Mungu." Sasa uso ulikuwa mkavu. "Mutu hawezi kutunga hii. Ao ulishuka, ao unasema bongo, unadanganya."

Nikisema ni yangu, mimi ni mtu wa kuzimu. Nikisema sikushuka, mimi ni mwongo anayetaka sifa ya dada aliyeokolewa. Sikuona mlango wa tatu. Nikaweka karatasi kwenye mashine, nikamtolea kopi zake, na nikazipanga vizuri kwa sababu mikono imeshazoea. Aliniombea kabla ya kuondoka.

Nilibaki na nakala moja, nikaisoma nikiwa nimesimama. Mtu fulani njiani, sijui nani, sijui katika mji gani, alikuwa ameikata. Maelezo yangu ya ngazi za mawe, niliyoyahangaikia msimu mzima wa mvua, hayakuwapo. Hotuba ya malkia ilikuwa imebaki sentensi moja. Mvulana na mluzi wake walikuwa wameachwa kama walivyo. Nilitaka kukasirika, nikashindwa, maana ilikuwa nzuri kuliko yangu. Ilikwenda mbio, ilitisha, na palipotakiwa kuuma iliuma. Mtu asiyejua hata kama ni riwaya alikuwa ameihariri kunishinda. Nililia pale dukani, na mteja aliyeingia kutoa kopi ya kitambulisho akaondoka polepole.

Shoga yangu ni fundi cherehani, mwanamke wa mtaa wa Majengo, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara. Ndiye msomaji pekee aliyewahi kukimaliza kitabu changu. Hakuniuliza kinafundisha nini, aliniuliza lile gauni la malkia lilishonwa wapi. Nilipomweleza alisimamisha cherehani.

"We mujinga," akasema. "Hiyo kitu iko yako. Dimanche watasoma, si ndiyo? Bon. Unasimama, unasema jina yako, unaonyesha kitabu. Wakikufukuza, unakuja huku, mi nakupikia."

Nilikubali. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: jina langu lirudi juu ya ukurasa ule, hata kama ukurasa ulikuwa umekatwa na mwingine. Kama watu wangelia kwa ajili ya maneno yangu, basi wajue ni ya nani. Nilijua baada ya hapo nisingekuwa na nguvu ya kujaribu tena. Jumapili nilitia kitabu mkobani, springi yake ikanichoma kiunoni njia nzima, mama amenishika mkono.

Mchungaji alisoma mwenyewe. Ana sauti nzito ya watu wa Masisi, kule Kongo, na anajua kunyamaza.

"Bandugu, musikie. Huyu dada hatumujui. Lakini aliona."

Nimekaa miaka nikitamani kuona watu wakisikiliza kazi yangu. Niliwaona. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa amefumba macho na kutikisa kichwa. Kina mama walikuwa wameshika midomo. Ilipofika pale malkia anaponunua jina la mtoto, mtu nyuma alitoa sauti kama amechomwa. Hakuna aliyeuliza inafundisha nini. Nilifurahi, sitadanganya, na papo hapo nilijisikia kama sipo, kama nimekwenda kwenye matanga yangu na hakuna anayenitambua.

"Kuna mutu hapa anamujua huyu dada?" mchungaji akauliza alipomaliza. "Asimame, tumushukuru Mungu naye."

Niliingiza mkono mkobani. Nilikuwa nimeanza kuinuka, nimeshaliacha benchi, mama aliponivuta sketi kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Umesikia?" akaninong'oneza. "Anavuta ndani. Mluzi. Anavuta ndani."

Nilimtazama. Alikuwa analia, lakini mdomo ulikuwa unacheka, na sijui niliuona lini mara ya mwisho mdomo wa mama yangu ukiwa hivyo.

"Ni yeye," akasema. "Nani mwingine angejua? Huyo dada amemwona."

Mimi ningejua. Mimi na mama, na basi. Nilikuwa kando yake, kitabu kiko mkononi, na haikumpitia akilini kabisa kwamba mwingine huyo ni mimi. Mchungaji alikuwa bado anangoja, ananitazama.

"Dada, uko na neno?"

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa nanyoosha mguu."

Nikakaa chini.

Fundi aliniwakia nilipomwendea. "We ulinyamaza? Kisha mi nimekupikia bure!" Nikamweleza habari ya mluzi. Alichukua kitambaa, akakikunja, akakikunjua. Ana watoto wake mwenyewe.

"Bon," akasema mwishoni. "Sasa hiyo kitabu haiko yako tena. Iko ya mama yako."

Alikuwa sahihi, na nilimchukia kwa kusema hivyo. Katika kitabu cha pili, nilichokuwa nimekifikisha katikati, mvulana anamwuzia malkia mluzi wake na kusahau nyumbani kwao. Ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupanga. Nilifungua faili, nikasoma mpaka mahali pale, nikaona nikiandika sentensi inayofuata nitakuwa namzamisha tena, na safari hii kwa mkono wangu. Nimelifunga. Watu wanaoandika husema mwandishi asiogope. Sijui kama mama zao wanakaa sebuleni wakingoja.

Maana mama alianza kungoja. Alikula vizuri. Alirudia kuimba asubuhi. Kila nikirudi kutoka dukani aliniuliza kama nimempata yule dada wa ushuhuda.

"Wewe una kompyuta, mwanangu. Mtafute. Sitamsumbua. Nina swali moja tu."

"Swali gani?"

"Kama anakula."

Nilimwambia namtafuta. Nilimwambia namba imebadilika, mtandao ni mbovu, dada yule amesafiri. Kwa mtu anayejiita mtunzi nilitunga vibaya sana, sababu zangu zilikuwa chakavu, mtoto wa shule angezicheka. Mama hakuzicheka. Alisema basi kesho, na kesho yake akauliza tena. Nikawa nachelewa dukani kwa makusudi, nakaa mbele ya ukurasa mtupu bila kuandika hata neno, kwa kuogopa swali lile.

Juzi nilimkuta uani anachambua maharage yaliyotoka Kanama, ungo magotini, anayapapasa kwa vidole kwa sababu macho hayamsaidii. Hakuniuliza. Aliinua uso tu, akangoja. Nilikuwa nimechoka, na nilimpenda, na sikuweza kuendelea.

"Nimempata, mama. Anasema anakula."

Vidole vilisimama.

"Anakula nini?"

Nimejenga mji mzima chini ya ziwa. Najua wanavaa nini kule, wanaapa kwa kitu gani, najua bei ya jina. Nikatafuta chakula kimoja cha kumpa mdogo wangu na kichwa kilikuwa cheupe. Nikasema kilichokuja, jina la dagaa wa ziwa letu.

"Sambaza," nikasema. "Sambaza na ugali."

Mama alichukua jiwe dogo kutoka kwenye ungo, akalitupa.

"Sambaza alikuwa hali," akasema. "Hata harufu yake hakuipenda."

Nilisimama pale, mkoba begani. Nilijua ameuona uongo wangu. Nilijua pia kwamba nikifungua mdomo vibaya sasa hivi nitampotezea mtoto wake mara ya pili, hapo uani, mchana kweupe. Aligeuza uso, akaanza tena kuyapapasa maharage, moja baada ya jingine, taratibu.

"Basi amebadilika," akasema.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Amekua."